Kisima ni cha Nani? Historia ya Maji ya Chini ya Ardhi Huko Busia

[Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu. Tunasikia pampu ya mkono ikipigwa na jerikeni zikigongana.]

MTANGAZAJI: Kipindi hiki cha historia ni chenu wasikilizaji, popote mlipo: Kakuma, Dadaab, Kiryandongo, Nakivale, Bidibidi, Nyarugusu. Mnaosikiliza kwa vikundi, sogeeni karibu na redio ili na wazee wasikie vizuri. Na wewe uliyeshika nakala hii iliyochapishwa, unaweza kumsomea jirani asiyejua kusoma. Mwishoni mtakuta maswali ya kujadili.

Sauti mliyoisikia sasa hivi kila mmoja wetu anaijua. Ni sauti ya alfajiri. Mama ameamka kabla ya jua, ameweka jerikeni yake kwenye foleni, na anaomba pampu isikatike kabla zamu yake haijafika. Leo tunasimulia habari za maji yanayotoka chini ya ardhi, na tunauliza swali moja: pampu ikiharibika, ni nani wa kuitengeneza? Watu wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 40. Tuna la kujifunza kwao.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Ndugu msikilizaji, ukitoka mji wa Busia upande wa Uganda na kushika njia ya kusini kuelekea Ziwa Victoria, unaingia katika vijiji vya Wasamia. Moja ya maeneo ya huko linaitwa Buhehe. Watu wanalima mihogo, mtama na mahindi, na kufuga ng'ombe na mbuzi. Ziwa liko upande huo huo wa kusini, lakini si karibu kiasi cha mtu kwenda na kurudi na jerikeni kichwani kila asubuhi. Kwa hiyo maji ya kila siku hutafutwa palepale kijijini, chini ya miguu ya watu.

Wengi wetu tukisikia maji ya chini ya ardhi tunafikiria mto au ziwa lililofichika. Kwa Busia na Tororo sivyo. Miamba ya huko ni ya kale sana na migumu. Sehemu yake ya juu imeoza kwa mvua na jua kwa muda usiohesabika, ikawa udongo, changarawe na mawe yaliyolegea. Mvua inaponyesha, sehemu ya maji huzama humo polepole, kama chai inavyozama kwenye mkate. Chini zaidi kuna mwamba mzima, na humo maji hukaa katika nyufa tu. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuchimba akapata maji, na wewe ukachimba hatua 50 kutoka kwake ukapata vumbi. Tena ndiyo maana kisima kimoja huko hutosha kwa pampu ya mkono, lakini ukikifunga mashine kubwa ya kuvuta maji ya mji mzima, huenda kikakauka.

Mahali ambapo mteremko unakutana na mwamba, maji hayo hutoka yenyewe. Hapo ndipo penye chemchemi. Kabla ya pampu, chemchemi na visima vifupi vilivyochimbwa kwa jembe ndivyo vilivyowanywesha watu wa mpakani.

Na jembe lenyewe lina historia huko. Wasamia walijulikana mbali kwa kufua chuma. Waliyeyusha mawe ya vilima vyao wakatengeneza majembe, na majembe hayo yaliuzwa kwa makabila jirani, hata kutumika kama mahari. Likumbuke hilo la chuma, msikilizaji, maana tutalirudia.

Sasa, chemchemi ilikuwa ya nani? Ilikuwa katika shamba la mtu, ndiyo. Lakini kwa desturi, mwenye shamba hakuwa na ruhusa ya kumzuia jirani kuchota, wala kumtoza chochote. Maji hayakuuzwa. Mpita njia, mjane, mtoto yatima, mgeni asiye na ndugu, wote walichota. Desturi hiyo iliokoa wengi, na wengi wetu tunaosikiliza leo tunaijua kutoka makwetu, iwe Kongo, Sudan Kusini, Burundi au Somalia.

[Sauti ya maji yakitiririka. Inapungua.]

MSIMULIZI: Halafu ukaja mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakaupeleka katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1926 mstari huo ulithibitishwa kwa amri iliyotolewa Uingereza. Mto Sio na Mto Malaba viligeuzwa kuwa sehemu za mpaka. Wasamia wakajikuta wako nchi mbili, na Wateso vilevile. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa na serikali mbili, kodi mbili, na baadaye vitambulisho viwili.

Maji ya juu ya ardhi yaligawanywa kwa mstari huo, lakini ya chini hayakusikia habari zake. Mvua inayozama Kenya haina kizuizi cha kuizuia isisogee kuelekea Uganda. Hata leo nchi hizo mbili hulazimika kukaa meza moja kuzungumzia bonde la mito Sio, Malaba na Malakisi, kwa sababu ukiharibu upande mmoja, upande wa pili utajua.

Watu wa mpakani pia wamejua ukimbizi. Miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, Waganda wengi walivuka Busia na Malaba kwenda Kenya kuokoa maisha yao. Na miaka mingi baadaye, kama tutakavyoona, safari iligeuka ikawa ya Wakenya kuja Uganda. Anayeitwa mwenyeji leo huenda jana alikuwa mgeni.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Tuje sasa kwenye pampu. Wakati wa ukoloni, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru, visima vya mashine vilikuwa mali ya serikali. Serikali ilichimba, serikali ikafunga pampu, na pampu ikiharibika fundi wa serikali alitumwa na gari. Mwanakijiji hakuulizwa kitu. Mpango huo ulifanya kazi muda ule serikali ilipokuwa na gari, mafuta na vipuri. Uganda ilipoingia katika misukosuko ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari yalisimama. Vipuri vikakosekana. Pampu moja baada ya nyingine ikanyamaza, na watu wakarudi kwenye madimbwi na visima vya wazi. Maji ya chini yalikuwepo vilevile, lakini mkono wa kuyatoa ulikuwa umekatika.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inaamka. Mwaka 1977 mataifa yalikutana Mar del Plata, Argentina, kuzungumzia maji, na Umoja wa Mataifa ukatangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji safi ya kunywa na usafi wa mazingira. India nako, mafundi walikuwa wameunda pampu ya mkono ya chuma iliyo imara, yenye mnyororo ndani ya kichwa chake, inayoweza kupigwa na mamia ya watu kwa siku. Iliitwa India Mark II. Uganda iliichukua pampu hiyo, ikaifanya kuwa pampu ya kawaida ya nchi, ikaiita U2. Ukiwa katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkono unaoupiga kila asubuhi ni wa ukoo huo.

Upande wa Kenya, mwaka 1981 ulianza mradi wa maji wa Kenya na Finland katika Mkoa wa Magharibi, Busia ikiwemo. Mamia ya visima vilichimbwa na chemchemi zikajengewa. Upande wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulianza mradi wa maji na usafi vijijini uliofadhiliwa na Denmark, uliojulikana kwa jina la RUWASA. Tororo ilikuwa miongoni mwa wilaya zake, na wakati huo Busia ilikuwa bado sehemu ya Tororo. Ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1997.

Miradi hiyo ilileta fikra mpya. Serikali na wafadhili walisema: kisima sasa ni cha wanakijiji. Chagueni kamati ya maji. Katika kamati wawepo wanawake, kwa sababu wao ndio wachotaji. Changeni fedha kidogo kidogo. Sisi tutamfundisha fundi wa eneo lenu, na pampu ikiharibika mtamwita na kumlipa.

Ni fikra nzuri, na mahali pengi ilifanya kazi. Lakini iliingia katika nyumba iliyokuwa na desturi yake. Kwa karne nzima watu walikuwa wamejua kwamba maji hayauzwi. Sasa wanaambiwa walete fedha kwa ajili ya maji. Mzee akauliza: je, mnaniuzia mvua ya Mungu? Kijana akauliza: pampu inatoa maji leo, nitoe fedha ya nini? Na mwenye fedha akauliza: nikitoa mimi na jirani asitoe, si atachota vilevile?

Maswali hayo si ya watu wajinga. Ni maswali ya haki. Na pasipo jibu, kamati nyingi zilikufa kimya kimya. Mweka hazina alihama, daftari likapotea, fedha zikatumika kwenye msiba. Siku pampu ilipokatika hapakuwa na shilingi. Si Busia peke yake. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara, takriban pampu moja kati ya nne haifanyi kazi.

Hapa ndipo lile neno la chuma linaporudi. Maji ya chini katika sehemu nyingi za Uganda yana uchachu wa asili. Si sumu kwa mnywaji, lakini yanakula chuma. Pampu nyingi zilifungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kwa sababu ni ya bei nafuu. Zinki ikaliwa, kisha chuma kikaliwa. Maji ya asubuhi yakatoka mekundu, yenye harufu na ladha ya kutu. Nguo nyeupe zikageuka rangi, chai ikawa nyeusi, na watu wakasema kisima kina laana au kimeishiwa maji. Wakakiacha. Kumbe kisima kilikuwa kizima; kilichooza ni bomba. Katika miaka ya 2010 serikali ya Uganda iliamua kwamba mabomba ya aina hiyo yasifungwe tena katika visima vya pampu, na badala yake yatumike ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki. Wazee wafua chuma wa Samia, ambao kutu waliijua vizuri kuliko mtu yeyote, wangeshangaa kwamba somo hilo lilichukua muda wote huo.

[Sauti ya pampu ikipigwa kwa nguvu bila maji kutoka. Kimya.]

MSIMULIZI: Sasa tuvuke tena kwenda upande wa Kenya. Katika miaka ya 2000, shirika moja lilikuwa likijengea chemchemi katika Busia na maeneo ya jirani, na watafiti wakaamua kupima matokeo. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, mchumi Mmarekani ambaye mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi zao za kupima njia za kupambana na umaskini. Walifuatilia karibu chemchemi 200. Kujengea chemchemi maana yake ni kuziba jicho lake kwa mawe, changarawe na saruji, kisha kuweka bomba ili maji yatoke bila kuguswa na miguu ya watu wala ya ng'ombe.

Matokeo yalikuwa haya. Kwenye chemchemi yenyewe, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa takriban thuluthi mbili. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban robo. Ni jambo kubwa: mtoto mmoja kati ya wanne ambao wangeugua, hakuugua. Lakini katika mtungi wa nyumbani, vijidudu vilipungua kwa takriban robo tu. Kati ya chemchemi na kikombe, maji yalichafuka tena: jerikeni isiyooshwa, kikombe kilichochovywa kwa mkono, mtungi usio na kifuniko.

Watafiti waliona pia jambo la desturi. Kwa kuwa mwenye shamba haruhusiwi kutoza, hana sababu ya kutoa fedha zake kujengea chemchemi. Desturi ileile iliyomlinda mjane asinyimwe maji ndiyo iliyoiacha chemchemi bila saruji. Ungefanyaje? Ukimruhusu mwenye shamba auze, chemchemi itajengwa, lakini mjane atalala na kiu. Ukikataza, mjane atachota, lakini maji machafu. Jibu walilolikaribia ni kwamba gharama ya kujengea isiachwe kwa mtu mmoja. Ibebwe na umma, na mlango wa maji ubaki wazi kwa wote.

Katika eneo hilohilo la Busia ndipo lilipojaribiwa jambo jingine rahisi: tangi dogo la dawa ya klorini lililofungwa kwenye nguzo karibu na mahali pa kuchotea. Unaweka jerikeni, unazungusha kifungo, dawa inaanguka kiasi kinachotosha, kisha unajaza maji. Unapofika nyumbani dawa imekwisha kufanya kazi, na inaendelea kuyalinda maji mtungini. Dawa ilipokuwa ya kununua dukani, watu wachache tu ndio walioendelea kuinunua. Ilipowekwa kisimani bila malipo, mbele ya macho ya majirani, wengi zaidi waliitumia. Matangi hayo baadaye yalivuka mpaka kwenda mashariki mwa Uganda, na hata Malawi.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia zilizuka na Wakenya kwa maelfu wakavuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Kambi ya muda ilifunguliwa Mulanda, wilayani Tororo. Watu walioishi kwenye nyumba zenye bomba la maji walijikuta wamesimama foleni na jerikeni kama wewe ulivyosimama leo asubuhi. Baadaye wale waliobaki walihamishiwa Kiryandongo, na huenda baadhi ya wanaotusikiliza ni majirani zao.

Kwa nini watu wanaosaidia wakimbizi huanza na maji kabla ya mambo mengine? Jibu liko Goma, Kongo. Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Kuchimba kisima au hata choo kulikuwa kugumu mno. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu yasiyosafishwa. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walifariki. Wako kati yenu waliokuwepo, na hatuhitaji kuwaeleza.

Baada ya msiba ule mashirika ya misaada yalijiuliza yalikosea wapi. Mwaka 1997 yalianza kuandika viwango vinavyoitwa Sphere, ambavyo hutumika hadi leo. Ni vizuri kuvijua, kwa sababu vinakuhusu. Kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Mahali pa kuchotea pasizidi mita 500 kutoka nyumbani. Foleni isizidi nusu saa. Pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500.

Tupige hesabu kidogo. Watu 500 mara lita 15 ni lita 7,500, yaani jerikeni 375 za lita 20. Pampu nzuri hutoa lita 17 hivi kwa dakika. Kwa hiyo ni lazima ipigwe zaidi ya saa saba kila siku, bila kupumzika, bila kuhesabu muda wa kubadilisha jerikeni. Sasa fikiria pampu inayohudumia watu 1,000. Haipumziki mchana wala usiku. Chuma kinasagana na chuma. Mpira wa ndani unakwisha. Na kisima chenyewe, kwenye mwamba wenye nyufa chache, hakipati nafasi ya kujaa tena. Pampu ikikatika huko hakuna haja ya kumtafuta mchawi; ni hesabu tu.

Kambi nyingine zinategemea maji ya chini kuliko Busia yenyewe. Dadaab, tangu 1991, imeishi kwa visima virefu vinavyovuta kutoka hifadhi ya maji ya Merti, ambayo wafugaji wenyeji wa Garissa nao huitegemea. Kakuma, tangu 1992, imeishi kwa visima vilivyochimbwa karibu na lugga ya Tarach, mto unaojaa kwa siku chache na kukauka kwa miezi. Kwenye sehemu kama hizo, tone unalolimwaga ni tone la jirani yako, awe mkimbizi au mwenyeji.

[Sauti ya watu kwenye foleni ya maji.]

MSIMULIZI: Na leo huko Busia hali ikoje? Shinikizo limeongezeka. Watu ni wengi kuliko zamani, na kila nyumba inahitaji choo. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, uchafu husafiri ndani ya udongo hadi kwenye maji. Ndiyo sababu mafundi husema choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Maeneo oevu, ambayo zamani yalishika mvua na kuilisha ardhi taratibu, yamegeuzwa mashamba. Na kaskazini mwa mji wa Busia, upande wa Uganda, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Zebaki haina rangi wala harufu ndani ya maji, wala haiondoki kwa kuchemsha.

Mvua nazo hazitabiriki kama zamani. Hapo ndipo thamani ya maji ya chini inapoonekana. Mto hukauka ndani ya wiki chache; maji yaliyozama mwambani huweza kuvuka kiangazi kizima. Ni akiba. Lakini akiba bila ufunguo ni sawa na njaa, na ufunguo wenyewe ni pampu.

Turudi basi kwenye swali letu: kisima ni cha nani? Historia ya Busia inatuonyesha majibu matatu yaliyojaribiwa. La kwanza: ni cha serikali. Serikali ilipoyumba, pampu zikafa. La pili: ni cha wanakijiji peke yao. Waliachiwa mzigo mzito kuliko mifuko yao, na mabomba yanayooza, na pampu nyingi zikafa pia. La tatu: ni cha mwenye shamba. Yeye hakuwa na sababu ya kukitunza.

Nadhani kosa lilikuwa kuchanganya vitu viwili. Maji ni kitu kimoja na pampu ni kitu kingine. Wazee walikuwa sahihi: maji hayana mwenyewe, na asiye na shilingi asinyimwe. Lakini pampu ni jembe. Jembe lina mpini unaovunjika na chuma kinachoisha. Jembe lisilo na mwenyewe huachwa mvuani hadi lioze. Kwa hiyo maji yabaki ya wote, lakini pampu iwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina: nani anaikagua, nani anashika daftari, nani anamwita fundi, na gharama kubwa isiyowezekana kwa wachotaji italipwa na nani.

Hilo linatugusa sisi moja kwa moja. Katika baadhi ya makazi nchini Uganda, mifumo ya maji ya bomba iliyojengwa na mashirika ya misaada imeanza kukabidhiwa kwa mashirika ya umma ya maji, na watumiaji wanatakiwa kuchangia. Wengine wamefurahi, kwa sababu sasa kuna wa kumuuliza. Wengine wanaogopa, kwa sababu mgao umepungua na fedha haipo. Woga huo una haki yake. Ndiyo sababu inafaa kuuliza mapema, kabla ya makabidhiano: mzee asiye na kipato atapataje maji? Fedha zinazokusanywa zitaonekana wapi? Pampu ikikatika, itatengenezwa ndani ya siku ngapi? Anayeuliza maswali hayo si mlalamishi, ni mtu anayejifunza kutokana na yaliyowapata Busia.

Na kuna yale yaliyo mikononi mwetu leo hii. Pampu husema kabla haijafa. Ukipiga mara nyingi asubuhi kabla maji hayajatoka, valvu ya chini inavuja au bomba limetoboka. Mkono ukitikisika huku na huku, bolti zimelegea au beringi zimeisha. Maji yakianza kutoka mekundu, bomba linaliwa. Mwambie mshika daftari siku hiyohiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa pampu ni kitu kidogo. Kung'oa mabomba yote ni kazi ya siku nzima na gharama kubwa.

Kisha osha jerikeni. Funika mtungi. Tia dawa ya maji kama inatolewa. Watoto wasicheze na mkono wa pampu, na mbuzi wasinywe kwenye sakafu yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: tumekaa hapa zaidi ya siku tatu, na jembe letu ni pampu hii.

[Muziki wa kufunga unaanza chini.]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, kabla hamjatawanyika, jadilianeni maswali haya.

Moja: pampu au bomba mnalochotea, anayelitunza ni nani? Je, kila mmoja katika kikundi anamjua?

Mbili: nyumbani mlikotoka, maji yaliuzwa au yalitolewa bure? Desturi hiyo ilisaidia nani, na ilimwacha nani?

Tatu: hesabuni watu wanaochotea pampu yenu. Wanazidi 500? Kama wanazidi, mtalipeleka wapi jambo hilo, na nani atakwenda?

Nne: wenyeji mnaochota nao mmekaa nao lini mara ya mwisho kuzungumzia kisima?

Andikeni majibu yenu, au mumtume mwenzenu ayafikishe kwenye kamati ya maji ya eneo lenu. Mimi na wenzangu wote tuliotayarisha kipindi hiki tunawaaga. Kesho alfajiri, ukishika mkono wa pampu, usikilize inasema nini. Kwaherini.

[Sauti ya pampu. Maji yanaanguka ndani ya jerikeni. Muziki unapanda, kisha unazima.]